Moto wa Kisulisuli

(Mazungumzo ya mafundi bati mbele ya wanakisomo, Kasumulu, wilaya ya Kyela)



  Tumeombwa tuzungumze juu ya jiko hili la pumba mnaloliona hapa mbele. Tulipoombwa tulicheka kidogo, maana miongoni mwetu hakuna mhandisi hata mmoja. Sisi ni mafundi bati. Kazi yetu ni ndoo, makarai, majiko ya mkaa na koroboi. Lakini jiko hili lilitusumbua miezi mingi, na katika kusumbuka huko tulijifunza jambo moja la moto ambalo hata mitambo mikubwa ya umeme kule Dar es Salaam inalitegemea. Basi tutawaeleza kama tulivyolielewa sisi, na mtu akitaka kutukatiza aulize tu.

Tuanze na pumba. Hapa Kyela nani wa kufundishwa habari ya mpunga? Ukikoboa kilo 100 za mpunga, kilo 20 hivi zinatoka kuwa pumba. Nyuma ya kila mashine ya kukoboa kuna kilima cha pumba. Nyingine zinachomwa ovyo, moshi unaingia nyumbani mwa watu siku mbili, siku tatu. Nyingine zinasombwa na mvua mpaka kwenye mitaro. Lakini pumba zina joto ndani yake. Kilo 3 za pumba kavu zina joto linalokaribia la kilo moja ya mafuta ya taa. Huku tunanunua mkaa unaotoka mbali, na kila masika bei inapanda. Tunanunua moto huku tunatupa moto. Ndivyo tulivyofikiri siku ile mama mmoja lishe alipotujia.

Mama huyu anawapikia madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka kwenda Malawi. Akatuambia, "Wanangu, mkaa unanimaliza. Nitengenezeeni kitu cha pumba." Tukakubali haraka mno. Tukatengeneza jiko refu kama mtungi, pumba zinajazwa ndani, zinawashwa kwa juu, na feni ndogo ya betri inapuliza hewa kutoka chini. Pumba hapo haziwaki mwali moja kwa moja. Zinaungua polepole kwa hewa kidogo na kutoa gesi. Gesi hiyo inapanda juu, inakutana na hewa nyingine inayopita katika matundu ya pembeni, hapo ndipo mwali unapowaka. Kazi safi kabisa, masizi kidogo. Siku ya kwanza tulishangilia.

Siku ya tatu mwali ukaanza kuruka. Unaona moto umesimama hewani, umeachana na jiko kwa upana wa vidole vitatu, unatikisika, halafu puu! umezimika. Ukikaa kidogo unarudi kwa kishindo, umekula nyusi za mtu. Mama akapunguza feni, mwali ukawa mwekundu wenye moshi. Akaongeza feni, ukaruka tena.

Sasa tuseme lile ambalo si rahisi kulisema. Usiku mmoja wa mvua mama alihamisha jiko ndani ya kibanda, akafunga mlango kwa sababu ya upepo. Yeye na binti yake walikuwa wakichambua maharage. Mwali ukazimika wasitambue, maana feni ilikuwa bado inaunguruma na makaa chini yalikuwa bado mekundu. Gesi ikaendelea kutoka bila kuungua. Jirani aliyekuja kuomba chumvi ndiye aliyewakuta wamelegea, vichwa vinauma, binti anatapika. Aliwatoa nje kwenye mvua wakapata hewa, na wote wawili wakapona. Lakini sisi hatukulala usiku ule. Jiko lilikuwa letu, na kosa lilikuwa letu.

Ndugu, gesi ile ndani yake kuna kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Inaingia katika damu na kushika mahali pa hewa safi, mtu anasinzia mpaka anakufa. Inatoka katika jiko la mkaa vilevile, wala msidhani ni ugonjwa wa jiko la pumba peke yake. Tangu usiku ule swali letu halikuwa tena namna ya kupika haraka. Likawa hili: mwali unashikwa na nini mahali pake?

Tukauliza kwa mwalimu wa fizikia wa sekondari, tukasoma, tukauliza tena. Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba moto una mwendo. Ukichanganya gesi na hewa vizuri, zikatulia, ukawasha upande mmoja, mwali unatembea kuelekea upande wa pili. Kwa gesi asilia, kama ile ya Songo Songo, mwendo huo ni sentimeta 40 hivi kwa sekunde. Hebu tembea sentimeta 40 kwa sekunde! Bibi mwenye mkongojo atakupita. Sasa hewa ikija kasi kuliko mwendo wa mwali, mwali unasukumwa mbele, unachukuliwa, unazimika. Hewa ikienda polepole kuliko mwali, mwali unarudi nyuma mpaka ndani ya bomba. Wenye majiko ya gesi ya mtungi wameyaona yote mawili: mara mwali unaruka juu ya tundu, mara unawaka ndani ya kichwa cha jiko kwa sauti ya ajabu.

Kwa hiyo mwali ni kama mtu anayepiga makasia kupanda mto. Mto ukizidi nguvu, anarudishwa.

Lakini wavuvi wetu wanajua dawa ya mto mkali. Nenda Songwe mvua zikiwa zimenyesha. Mto unakuja na magogo. Tazama nyuma ya jiwe kubwa, au nyuma ya kisiki kilichokwama. Pale nyuma maji hayaendi mbele, yanazunguka na kurudi kulifuata jiwe. Jani likiingia pale linakaa, linazunguka wee, halitoki. Mwenye mtumbwi anajificha pale kupumzika. Mto ni uleule mkali, ila pana mahali ndani yake maji yanarudi.

Basi moto nao hushikwa hivyo. Ukipata mahali ambapo hewa inarudi nyuma, hewa ile ya moto iliyokwisha kuungua inarudi kwenye shina la mwali na kuwasha gesi mpya inayofika. Kila gesi mpya inayokuja inamkuta mwenye kiberiti yupo mlangoni.

Mtu atasema, wekeni jiwe ndani ya jiko basi. Inawezekana, na yapo majiko yenye kisahani cha chuma katikati kwa kazi hiyohiyo. Sisi tulijaribu. Kisahani cha bati letu kiliungua kikapinda baada ya wiki mbili.

Njia ya pili haina jiwe, na ndiyo iliyotufanya tuje hapa leo. Ni kuizungusha hewa.

Wote mnakijua kisulisuli. Kiangazi kinatokea uwanjani, kinabeba vumbi, majani na nguo ya mtu kwenye kamba. Sasa koroga uji kwenye sufuria kwa nguvu, halafu toa mwiko. Katikati pamebonyea, si ndiyo? Uji umekimbilia pembeni, kati pamekuwa na upungufu. Hewa inayozunguka hufanya vivyo hivyo: inajitupa pembeni, na katikati mgandamizo wake unapungua. Hewa hiyo ikiwa inatoka katika bomba na kuingia mahali papana, inatanuka, na mzunguko wake unalegea kadiri inavyokwenda mbele. Kwa hiyo karibu na mdomo wa bomba upungufu wa katikati ni mkubwa, mbele zaidi ni mdogo. Hewa hutoka penye mgandamizo mwingi kwenda penye mgandamizo mdogo, hilo tulilisoma hata kwenye kisomo. Basi ile hewa ya mbele, ya katikati, inasukumwa irudi nyuma kwenye mdomo wa bomba!

Mzunguko ukiwa mdogo hakuna kinachotokea, hewa ya kati inapungua mwendo tu. Ukizidi kipimo fulani, ghafla kisulisuli kinapasuka katikati, kinafanya kama puto, na ndani ya puto hilo hewa inarudi nyuma. Wataalamu wanaliita tukio hilo kuvunjika kwa kisulisuli. Wana namba yao ya kupima nguvu ya mzunguko ikilinganishwa na nguvu ya kwenda mbele, na ikifika karibu 0.6 ndipo hewa ya katikati huanza kurudi.

Jambo hili, ajabu yake, halikuonekana kwanza kwenye moto. Mwaka 1957 wataalamu wawili wa Uingereza, Peckham na Atkinson, walikuwa wakichunguza bawa la ndege lenye ncha ya mbele nyembamba. Juu ya bawa la namna hiyo kunatokea visulisuli viwili vinavyosaidia kulinyanyua. Wakaona kisulisuli kinakwenda kimenyooka kama kamba, halafu mahali fulani kinapasuka na kutawanyika. Kwa rubani hiyo ni hatari, maana ndege inapoteza sehemu ya nguvu ya kuinuka. Tangu wakati huo wataalamu wamekuwa wakibishana kwa nini hasa kinapasuka pale na si pengine, na mpaka leo maelezo yapo zaidi ya moja. Sisi tulifurahi kidogo kusikia hivyo. Kumbe si mafundi bati wa Kasumulu peke yao wanaosumbuliwa na hewa.

Kinachomwangusha wa ndege ndicho kinachomsaidia wa moto. Katika mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo, Dar es Salaam, moto unawaka ndani ya injini zinazofanana na za ndege, na baadhi yake zimetokana na injini za ndege kweli. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kufua umeme Ubungo mwaka 2004. Bomba jingine la kutoka Mtwara likakamilika mwaka 2015. Ndani ya mitambo hiyo hewa inapita mita makumi kwa sekunde. Mwali wa kutembea sentimeta 40 utasimamaje humo? Ni sawa na kuwasha njiti ya kiberiti juu ya lori linalokimbia. Siri ni vibawa vya chuma vilivyopangwa duara kwenye mdomo wa kichomeo. Vinaizungusha hewa, kisulisuli kinavunjika, katikati hewa ya moto inarudi, mwali unakaa. Taa ya umeme ikiwaka hapa Kasumulu kwa umeme wa gesi, nyuma yake pana kisulisuli kilichovunjika.

Nako huko hawakumaliza matatizo. Siku hizi wanachoma gesi kidogo katika hewa nyingi ili moshi wenye sumu upungue, na mwali wa namna hiyo ni dhaifu, unataka kukatika wakati wowote. Pia lile puto la katikati halitulii, linayumba na kuzunguka kama pia ya mtoto. Mwali nao unayumba nalo, mngurumo unatokea, na mngurumo ukipatana na ukubwa wa chumba cha moto unaweza kuvunja vyuma.

Turudi kwenye jiko letu. Tulikata bati vipande 12, tukavipanga duara pale hewa ya juu inapoingilia, vyote vimelazwa upande mmoja kama mapanga ya feni. Mara ya kwanza tulivilaza nyuzi 30. Hewa ikazunguka, tuliiona kwa moshi wa jani bichi, lakini mwali bado uliruka. Tukakata tamaa. Mmoja wetu akasema kisomo cha vitabu ni kizuri, lakini jiko halijasoma.

Mwalimu akatupa ujanja mdogo. Akasema, msiwashe moto. Washeni feni tu, halafu fungeni kipande cha uzi mwembamba wa pamba kwenye ncha ya waya, mkiteremshe katikati ya mdomo wa jiko. Tukafanya. Kwenye nyuzi 30 uzi ulisimama juu wima, ukicheza. Maana yake hewa ya kati bado inakwenda juu. Tukavilaza vipande zaidi, mpaka nyuzi 45 hivi, yaani nusu ya pembe ya daftari. Tukateremsha uzi. Jamani! Ukapinda, ukaingia ndani ya jiko, ukavutwa kwenda chini huku unazunguka. Tulirudia mara kumi tuone kama ni kweli. Waya ukisogezwa pembeni uzi unainuka juu, ukirudishwa kati unavutwa chini.

Tukawasha. Mwali ulikuja mfupi, mpana kama ua, umekaa juu ya vipande vya bati kabisa. Tukaongeza feni, haukuruka. Tukapuliza kwa kawa, ukayumba ukarudi. Mama lishe alisimama mbali, mikono kiunoni. Hakusema kitu. Alikuwa na haki.

Msidhani basi kila ukizidisha ndiyo vizuri. Tulilaza vipande mpaka nyuzi 60 na mambo yakaharibika upya. Njia ya hewa ikawa nyembamba, feni ikashindwa kusukuma, na mwali ukateremka kati ya vipande na kuanza kuvichoma. Hewa ya kurudi nayo ikizidi inarudisha moto usipotakiwa. Tumekaa kwenye 45. Kwa pipa lenye upana mwingine au feni nyingine, fundi apime kwa uzi, asichukue namba yetu kama sheria.

Kuna aliyetuuliza juzi, je, chemli nayo ni kisulisuli? Hapana. Chemli ina akili nyingine. Yale mabomba mawili ya pembeni yanachukua hewa kutoka juu na kuileta chini kwenye utambi. Upepo ukipiga taa, unapiga pale hewa inapoingia na pale inapotoka kwa pamoja, kwa hiyo mwali hausukumwi. Mmarekani mmoja, John Irwin, ndiye aliyebuni mabomba hayo katika miaka ya 1860. Ndiyo maana wazee wetu waliweza kutembea na chemli usiku wa upepo, wakati koroboi inazimika ukipiga chafya.

Na kwa kuwa tumetaja taa, wavuvi wa usipa mtusikilize. Wengi mmehamia taa za betri na sola, hongereni. Lakini bado zipo karabai ziwani, na hapa mpakani madumu ya petroli hayakosekani. Petroli ikichanganywa na mafuta ya taa, hakuna kibawa wala kisulisuli kitakachokuokoa. Mafuta ya taa ni lazima yapate joto la nyuzi 38 au zaidi ndipo mvuke wake ushike moto. Petroli inatoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya barafu. Ukiitia katika taa ya kupampu, na uko ndani ya mtumbwi usiku, utakimbilia wapi? Nusa mafuta kabla ya kununua. Yakinuka petroli, yaache hapohapo.

Akina mama wanauliza bei. Bati na vipande tunaweza, tatizo ni feni na betri. Bila feni jiko hili halifanyi kazi, tusidanganyane. Serikali ilitoa mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mitungi ya gesi imefika hata huku, na mwenye uwezo wa kujaza mtungi kila unapokwisha, sisi hatumwambii aache akanunue jiko letu. Lakini wapo ambao mtungi ukiisha unakaa pembeni miezi miwili ukiwekewa maua. Kwao pumba zipo.

Halafu pumba ziwe kavu. Pumba zilizolala nje wakati wa masika, na ninyi mnaijua masika ya Kyela, zinatoa mvuke wa maji badala ya gesi. Mwali wake hautashikwa hata na vipande vya dhahabu. Zihifadhiwe kwenye gunia, juu ya kichanja. Majivu yake ni mengi, kilo 20 za pumba zinaacha kilo 4 hivi, na karibu yote ni madini yaleyale ya mchanga mweupe. Msiyapeperushe, yanachoma mapafu.

Mama lishe wetu anatumia jiko hili mwezi wa nne sasa, nje, chini ya paa lisilo na kuta. Hilo ndilo sharti alilotuwekea yeye mwenyewe, nasi tumelifanya sharti kwa kila atakayenunua: jiko halikai katika chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha mawe. Ukiona mwali umezimika na moshi mweupe unatoka, usiinamie kuchungulia. Zima feni kwanza, rudi nyuma, acha moshi utawanyike, ndipo uwashe ukiwa umesimama pembeni.

Kuna mzee ameinua mkono. Anasema jiko lake linanguruma kama lori likiwa limejaa nusu. Ni kweli, mzee, hata letu linanguruma. Pumba zikipungua, nafasi ya ndani inakuwa kubwa, na mwali unaanza kupigana na hewa iliyomo. Punguza feni kidogo tu, mngurumo utakata. Usipokata, tuletee jiko, tutapima vipande vyako kwa uzi, huenda kimoja kimelala vibaya.

Sasa tunawasha. Uzi huu hapa, kila mtu aje auone ukivutwa kabla hatujatia moto. Waliokaa upande wa mashine wasogee huku, upepo wa ziwani unawapelekea moshi.